Konzi si hesabu

Msomaji, naomba usinicheke. Kidato cha nne hesabu nilipata F, ile F iliyonyooka, halafu juzijuzi nikajifanya mwalimu wa hesabu!

Ilikuwa hivi. Naishi kwa dada yangu, Mwananyamala. Ijumaa moja binti yake wa darasa la kwanza alirudi na daftari limejaa mikasi, na chini mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: "Hajui kuhesabu." Dada akasoma, akanyamaza. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, au mwanangu kichwa kizito?"

Nikajibu, "Niachie mimi."

Kasheshe likaanza. Swali la kwanza, 8 jumlisha 5. Mtoto akanyoosha vidole vinane, akaongeza viwili, vikaisha. Akanitazama. Nikarudia mara tatu, sauti inapanda tu. Mara ya nne nikampiga konzi. Hakupiga kelele. Machozi yalidondoka tu kwenye daftari, karatasi ikatota.

Usiku usingizi ulinipaa. Nilimkumbuka mwalimu wangu wa zamani na fimbo yake. Alinifundisha kuogopa namba, basi. Hadi leo konda akinirudishia chenji naitia mfukoni bila kuihesabu. Na sasa ndiyo nilikuwa namrithisha mpwa wangu.

Jumamosi nikamkuta gengeni anamsaidia mama yake kupanga nyanya. Mafungu ya tano tano, hakosei hata moja. Mteja akataka mafungu mawili. Akahesabu kumi, akatia na moja ya nyongeza. Nikaganda. Huyu ndiye asiyejua kuhesabu?

Nikachukua trei tupu la mayai, lile la mayai 30, nikakata safu mbili za mashimo matano matano. Jumla 10. Nikaenda baa ya jirani, nikaokota vizibo vya soda.

"Panga vinane." Akapanga. "Haya, ongeza na hivi vitano." Viwili vikajaza mashimo, vitatu vikabaki mkononi. Akavitazama weee, kisha akaruka: "Kumi limejaa, vimebaki vitatu. Kumi na tatu!"

Tukaenda 9 na 4, tukaenda 7 na 6. Ikawa mchezo. Kumbe 8 ya ubaoni ni mchoro tu, lakini vizibo vinane unavishika na kuvihamisha. Mbona wazee wa kijiweni wanajua hilo siku zote? Bao lina mashimo 32 na kete 64, na fundi anahesabu kete kichwani kabla hajagusa shimo. Hata yule daktari wa Italia, Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto kule Roma mwaka 1907, aliwafundisha watoto namba kwa shanga za kushika mkononi.

Nilikuwa bado najisifu moyoni, mpwa wangu akaniuliza, "Anko, si ungeleta trei jana, kabla hujanipiga?"

Msomaji, sikuwa na jibu. Nikamwomba msamaha, mtu mzima mimi, mbele ya nyanya.

Akafikiri kidogo. "Haya, zamu yako. Tisa ongeza nane."

Nikapanga vizibo vyangu taratibu. Kimoja kikajaza trei, saba vikabaki. "Kumi na saba," nikasema.

Akainama, akanichorea vema mchangani. Ya kwanza maishani mwangu katika hesabu.