Bustani ya Mtaa, Tabata

Jumapili, 2 Machi 2025

Ramadhani imeanza, kazi tumeisogeza hadi baada ya alasiri. Leo tumemalizia matuta nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa. Mbolea ya kuku tuliyoilundika tangu Januari imeoza vizuri, haina harufu. Mbichi ingeunguza miche. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, kwa hiyo bibi jirani kazichanganya na mchanga mkavu ndipo akazirusha, mkono ukienda taratibu. "Mwanangu, ukizimwaga hivi hivi zitaota zimebanana," kaniambia. Pembeni tumechomeka marando ya matembele.

Jumatano, 12 Machi

Mvua za masika bado hazijakolea, na miche inataka maji asubuhi na jioni. Kijana mmoja kapendekeza tuchote Mto Msimbazi: uko karibu na hauna bili. Nimekataa, na nitaendelea kukataa. Mto ule unapokea maji taka ya majumbani na ya viwandani. Tangu 1999 ulichapishwa utafiti wa madini mazito, risasi ikiwemo, katika mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Vijidudu utaviua jikoni. Risasi iliyokwishanyonywa na mzizi haitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Tumekubaliana kuchanga fedha: maji ya paa la ofisi yaelekezwe kwenye tangi, na mvua ikikatika tununue ya bomba kwa ndoo.

Alhamisi, 20 Machi

Viwavi wametoboa majani ya tuta la mwisho. Tumetwanga majani ya mwarobaini, tukayaloweka usiku kucha, tukachuja na kunyunyiza. Mzee mmoja katukumbusha azimio la Siasa ni Kilimo la 1972, na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona iliyofuata, wakati hata watu wa mjini walipohimizwa kulima kila penye nafasi. Kanuni za kilimo cha mjini za 1992 nazo ziliruhusu, mradi mtu asizidishe ekari 3. Kulima mjini si uhuni, na ofisi zetu zisikuone hivyo.

Jumamosi, 29 Machi

Mavuno ya kwanza! Mchicha umeng'olewa alasiri na kuingia chunguni kabla ya magharibi. Kabichi inaweza kutoka Lushoto na nyanya zikatoka Iringa, lakini mchicha hausubiri lori. Kwa joto la Dar hunyauka ndani ya saa chache. Ndiyo maana mboga za majani tunazokula nyingi hulimwa humu humu mjini, na ndiyo maana maji yake yanamhusu kila mlaji. Anayenunua fungu sokoni aulize kwanza, kabla ya bei: umemwagiliwa maji gani? Mkulima mwenye jibu safi anastahili kuungwa mkono, hata akizidisha shilingi mia.