Jumapili ya Kupanda Limuru

Barabara ya Limuru huanza kumpima mwendesha baiskeli pale Ruaka. Unapanda, unapumzishwa kidogo, unapanda tena, na kadiri unavyosogea Ndenderu ndivyo hewa inavyokuwa baridi na nyepesi. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila pafu la pumzi huko huleta oksijeni pungufu kuliko lingeleta Mombasa. Tulitoka Gigiri saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Julai, ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba nilifuata taa nyekundu ya baiskeli iliyokuwa mbele yangu bila kumwona aliyeiendesha.

Klabu yetu huchagua Jumapili alfajiri kwa sababu moja kubwa: matatu bado ni chache na malori mengi yamelala. Tulikuwa watu ishirini hivi, wawili wawili, ubavu kwa ubavu. Kapteni wetu ni muuguzi, na asubuhi hiyo alitoka zamu ya usiku akaja moja kwa moja na baiskeli yake. Kabla hatujaondoka aliwakumbusha wageni lugha ya msafara. Kidole kikielekezwa chini, kuna shimo. Mkono ukipelekwa nyuma ya mgongo, kuna kizuizi upande huu, sogea. "Tuta!" na "Gari nyuma!" hupokezanwa mdomo kwa mdomo mpaka mtu wa mwisho asikie, maana anayefuata gurudumu la mwenzake haoni lami iliyo mbele. Humwamini mwenzake kwa meno yake na magoti yake.

Kwenye tambarare imani hiyo hulipa. Anayetangulia hupasua upepo, na wanaomfuata kwa karibu huokoa hata theluthi ya nguvu zao, kwa hiyo tunapokezana mbele kila baada ya dakika chache. Mlimani mambo hubadilika. Mwendo ukishapungua, upepo si adui tena. Adui ni uzito, na kila mtu husukuma wake. Hapo ndipo klabu hujulikana kama ni klabu ama ni kundi la watu waliovaa nguo zinazofanana. Kapteni huwa hapandi na wenye kasi. Hukaa nyuma kabisa na anayehema kuliko wote, akimwambia, "Pole pole, ndugu yangu, badilisha gia mapema, usisubiri miguu ilie."

Tigoni tuliingia mashambani. Ukungu ulikuwa umelala juu ya michai, na michai yenyewe imekatwa sawasawa mpaka mtu angedhani anaweza kuandika barua juu yake. Chai ikiachwa hukua ikawa mti. Ni kisu cha kila mara kinachoishusha ibaki kimo cha kiuno, mchumaji afikie majani mawili na chipukizi bila ngazi. Ni katika eneo hili la Limuru ambapo miche ya kwanza ya chai nchini Kenya ilipandwa, mwaka 1903. Asubuhi hiyo hakukuwa na wachumaji. Kulikuwa na Waakorino tu, vilemba vyeupe na ngoma mkononi, wakitembea kwenda ibadani. Walitupungia mkono, nasi tukapunguza mwendo.

Mbele kidogo tukamkuta mzee anasukuma Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya chuma isiyo na gia, breki zake za vyuma vitupu. Nyuma alifunga kwa mpira mikebe miwili ya maziwa. Kapteni akashuka.

"Habari ya asubuhi, mzee?"

"Njema, wanangu. Mnapeleka nini?"

"Hatujabeba kitu, mzee. Tunaendesha tu."

Alituangalia kwa makini, kuanzia kofia mpaka viatu. "Basi kama hamjabeba kitu, nisaidieni hiki."

Vijana wawili wakawapa wenzao baiskeli zao, wakasukuma Black Mamba mpaka mahali lori la maziwa husimama. Nilitembea kando ya mzee. Alinieleza kwamba hupita hapo kila siku ya Mungu, mvua inyeshe isinyeshe, na kwamba basi likimpigia honi hana pa kwenda ila kwenye changarawe, na ukingo wa lami umemegeka. Gurudumu likishuka hapo na mzigo nyuma, kulirudisha juu ni kazi. Maneno yale yalinikaa moyoni safari nzima. Sisi tukiwa ishirini, na rangi zetu kali, magari husubiri. Yeye akiwa peke yake hayamsubiri. Barabara hizi zinapopanuliwa, nafasi ya baiskeli ingepaswa kupimwa kwa upana wa mikebe yake, si kwa vishikio vyetu vyembamba, kwa kuwa yeye ndiye anayeitumia kupata riziki.

Limuru mjini tulikunywa chai ya maziwa kwa nduma na viazi vitamu. Mama mwenye kibanda alikataa tulipie kikombe cha pili. Mazungumzo yalikuwa ya Kigali, ambako Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika kwa mara ya kwanza barani Afrika.

Kutoka Rironi tulikwenda hadi ukingo wa Bonde la Ufa. Ukungu ulikuwa umepasuka na Longonot, mita 2,776, ilisimama wazi hadi kwenye midomo ya kreta. Chini kabisa, kando ya barabara iendayo Mai Mahiu, kuna kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakiichonga barabara hiyo. Hatukushuka. Malori yalikuwa yameshaamka.

Tulirudi kwa njia ya Kikuyu, na kwangu mimi mji huo una heshima yake. Ni huko David Kinjah aliwafundisha vijana wa mtaa kuendesha na kutengeneza baiskeli, na mmoja wa wanafunzi wake, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alishinda Tour de France mara nne, ya kwanza mwaka 2013. Tukiwa tunateremka, wavulana watatu waliokuwa na baiskeli mbili wakatuunga mkia. Kapteni hakuwafukuza. Aliwaingiza katikati ya msafara, akaenda ubavuni mwao akiwafundisha ishara, na baada ya muda mfupi sauti zao nyembamba zilikuwa zikiita "Shimo!" hata pasipo na shimo. Kwenye njia ya kwao aliwasimamisha akawauliza kama wanaye mtu mzima wa kuwaruhusu. Mkubwa wao akasema yuko shangazi.

"Mwambie shangazi tutapita hapa Jumapili ijayo saa tano," kapteni akamjibu. "Aje mwenyewe nizungumze naye. Kofia nitaleta mimi."