Sinema ya Warusi na Sisi wa Ruiru

Mjukuu wangu, ukisikia kwamba sinema ya Warusi ya miaka ya 1920 iliwahi kupita hapa kwetu, katikati ya mibuni ya Ruiru, usidhani ni porojo za wazee. Ilipita, ila waliotuletea hawakuitaja jina, nami sikuitambua mpaka nilipokuwa kijana mkubwa, mbali na nyumbani.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 tulikuwa tunaishi kwenye shamba kubwa la kahawa. Wazazi wetu walichuma kwa debe, na debe moja halikufika senti 50. Hewa yote ilinuka maganda ya buni yaliyochacha kule kiwandani, harufu tamu yenye ukali, inayoganda kwenye nguo hata ufue vipi. Siku gari la sinema la serikali lilipokuja, petroli ya jenereta ilizidi nguvu harufu hiyo. Vijana walifunga shuka nyeupe kwenye nguzo mbili, mkalimani akashika kipaza sauti, akaanza kutueleza kwa Kigikuyu na Kiswahili yale yale tuliyokuwa tukiyaona. Tulionyeshwa choo safi, matuta ya kuzuia mmomonyoko, na Malkia akipungia watu mkono. Mwishoni tulipewa Charlie Chaplin, na hapo hata wazee waliokuwa wamenuna tangu jioni walicheka mpaka machozi. Mama yangu alicheka pia, lakini tukirudi nyumbani aliuliza jambo ambalo sijalisahau: mbona wazungu tunawaona macho, na watu weusi tunawaona migongo na mikono inayolima tu?

Nilifika Moscow mwaka 1963, mmoja wa vijana waliopelekwa kusoma nchi za mashariki kwa mipango ya Jaramogi Oginga Odinga. Posho yetu ilikuwa rubli 90 kwa mwezi, na treni ya chini ya ardhi ilikuwa kopeki 5, kwa hiyo mtu mwenye adabu na pesa yake alibaki na cha sinema. Mwaka 1966 ulifunguliwa ukumbi uitwao Illuzion, chini ya jengo refu la ukingo wa mto, mahususi kwa filamu za zamani. Mlangoni ulipokewa na harufu ya makoti ya sufu yaliyolowa theluji, na bibi mmoja mnene mwenye meno ya dhahabu aliyetunza makoti hayo. Humo ndani niliona Meli ya Kivita Potemkin, ya Sergei Eisenstein, ya mwaka 1925. Kuna mahali mabaharia wanakataa nyama iliyooza, na daktari wa meli anakunja miwani yake, anaitazama nyama kwa karibu, funza wanatambaa mbele ya macho yake, naye anasema nyama ni nzima. Nilikaa kitini mwili ukinisisimka. Mimi nimekula unga wa mgao wenye fukusi, na nimemsikia mnyapara akimwambia baba yangu kwamba unga hauna kasoro.

Iliyonishika zaidi ni Turksib ya Viktor Turin, ya mwaka 1929. Ni habari ya reli inayojengwa kutoka Siberia hadi Turkestan, nchi ya pamba. Wafugaji wanakuja kwa farasi, ng'ombe na ngamia kulitazama garimoshi la kwanza, kisha wanakimbizana nalo. Babu yako mkuu alinisimulia habari ya reli ilipofika Thika mwaka 1913, watu wakisimama kando ya njia kwa woga na hamu. Turin hakuwapiga picha watu wake kwa mbali. Aliwasogelea usoni, mmoja mmoja, mikunjo na vumbi na mashaka yote yakaonekana, nami nikapata jibu la kumpelekea mama.

Baadaye nilisoma jinsi mambo yalivyoungana. Mskoti mmoja, John Grierson, ndiye aliyeihariri Turksib kwa watazamaji wa Kiingereza, na ndiye aliyewaonyesha filamu za Kirusi wakubwa wa Empire Marketing Board, ofisi ya London ya kutangaza bidhaa za himaya ya Uingereza. Katika ofisi hiyo hiyo, kati ya 1929 na 1932, alifanya kazi ya habari binti aliyelelewa hapa Thika, Elspeth Huxley, yule aliyeandika The Flame Trees of Thika. Hivyo naona sehemu ya elimu ya kumfundisha mkulima kwa picha ilitoka Urusi, ikapita London, ikatufikia Ruiru ikiwa imeziacha nyuso njiani. Warusi wenyewe walikuwa wamekwenda mbali zaidi: mwaka 1932 Aleksandr Medvedkin alizunguka na treni yenye maabara yake ya filamu, akawapiga picha wafanyakazi na kuwaonyesha palepale kazini kwao.

Hizo zote zilikuwa filamu za kimya; filamu za sauti nazo zina kisa chao. Katika Sarakasi ya Grigori Aleksandrov, ya mwaka 1936, mtoto mweusi anapokezanwa mikononi mwa watu wa mataifa mbalimbali, kila mmoja akimbembeleza kwa lugha yake. Ni filamu nzuri, na mtoto yule anapendeza. Lakini mimi nilikuwa Moscow Desemba 1963, Kenya ikiwa na siku chache tu za uhuru, wanafunzi wa Kiafrika walipoandamana hadi Uwanja Mwekundu baada ya mwenzetu wa Ghana kukutwa amekufa. Wimbo ule wa kumbembeleza mtoto sikuweza kuusikiliza bila kuukumbuka umati wetu kwenye baridi. Mgongano kama huo kati ya filamu na maisha ulimgusa hata jirani yetu wa Gatundu, Jomo Kenyatta: alisoma Moscow mwaka 1932 na 1933, kisha mwaka 1935 akaonekana katika filamu ya Waingereza, Sanders of the River, pamoja na mwigizaji Paul Robeson, filamu iliyousifu utawala wa mkoloni.

Usinielewe vibaya. Filamu za Warusi zilikuwa za kushawishi watu, na mengine yaliyosemwa humo ni uongo. Ardhi ya Aleksandr Dovzhenko, ya mwaka 1930, inasifu mashamba ya ushirika ya Ukraine, na mwaka 1932 na 1933 mamilioni ya wakulima walikufa huko kwa njaa, nafaka yao ikiwa imechukuliwa na serikali. Hayo nayaweka wazi. Hata hivyo, wale mafundi walimwona mkulima kuwa mtu anayestahili kutazamwa usoni kwa muda mrefu, na hilo serikali iliyotuletea lile gari haikutupa hata mara moja. Nawe unayetembea na kamera mfukoni, nenda Thika kwa wanawake wa mashamba ya mananasi, nenda Ruiru kwa wazee waliochuma kahawa. Waombe ruhusa kwanza, kisha wasogelee.