Miaka Yangu na Samaki wa Athi

Mito mingi ya Kitui ni mchanga. Tiva hufurika mvua zikinyesha, kisha maji hujificha chini na watu wakarudi kufukua visima katikati ya mto. Kwa hiyo nilipomwambia mama kwamba nimepata kazi ya kufuatilia samaki, aliniangalia kwa muda. “Mwanangu, samaki wa wapi?” Kwetu tulilelewa kwa muthokoi na mbaazi; samaki hawakuingia jikoni.

Samaki walikuwa wa Athi. Mto huo hutoka nyanda za juu upande wa Nairobi, ukashuka kati ya Makueni na Kitui ukiwa ndio mpaka, ukakutana na Tsavo na kuitwa Galana, kisha Sabaki, hadi Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Haukauki kama ndugu zake wa Ukambani, lakini maji yake yamebeba pia uchafu wa jiji. Kiangazi kikikaza niliona povu limeganda kwenye mawe, na wanawake wakichota hapohapo kwa sababu hawana pengine pa kuchota. Hilo sikulizoea hata siku moja.

Tulitega nyavu jioni na kuzitoa alfajiri, jua lisije likawaharibu samaki. Kila mmoja alilazwa kwenye ubao wenye vipimo, pua ikigusa kizuizi, akasomwa urefu, akapimwa uzito, akatazamwa kama ana mayai. Kambale mkubwa hupiga mkia vibaya. Ukimfunika kichwa kwa kitambaa kibichi hutulia, na vidole vyako vikasalimika na miiba ya mapezi yake. Wavu ulikuwa lazima uwe na matundu yaleyale na ukae majini saa zilezile, la sivyo huwezi kulinganisha mwaka na mwaka. Mto ukijaa, samaki hutawanyika, wavu ukatoka mtupu, na mtu mwenye haraka akaandika kwamba wamekwisha. Ningu walitujia Novemba mto ukianza kupanda, matumbo yamejaa. Ukambani mvua za vuli ndizo za kutegemea kuliko masika, na ningu hulijua hilo kama mkulima wa Mutomo.

Kome walinifundisha zaidi. Tuliwatafuta kwa nyayo na mikono kwenye tope la ukingoni, maji yakiwa magotini, mwenzetu mmoja akisimama juu ya mwamba kuangalia mamba. Tuliweka fremu ya mraba, tukatoa kila kome aliyekuwa ndani yake, tukapima gamba, tukamrudisha jinsi alivyokuwa amejichomeka. Sehemu moja upande wa Ikutha tulipata wakubwa watupu. Walikuwa wengi, magamba mazito, na wenzangu walifurahi. Mimi nilikosa raha. Kome mchanga hawezi kujitegemea: hujishikiza kwanza kwenye mwili wa samaki, akajilisha hapo, ndipo aachie na kuzama kwenye tope. Wazee wakiwepo bila watoto, jambo fulani limekatika kati ya kome na samaki, na limekatika zamani. Kwa kuwa kome huishi miaka mingi, kundi laweza kuonekana zima hali limeshaacha kuzaa. Tangu hapo kila niliposoma ripoti yenye jumla peke yake, bila ukubwa wa mmoja mmoja, nilirudi kuuliza daftari.

Kisha nikapelekwa Sabaki kusaidia kuhesabu kombe mlangoni mwa mto. Wavuvi wa Mambrui waliniuliza nimetoka wapi, nikasema Kitui. Mzee mmoja akanyoosha mkono kwenye maji mekundu yaliyokuwa yakiingia baharini: “Basi huo udongo ni wenu, njoo uuchukue.” Alisema kweli. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya matumbawe yaliyochimbwa Malindi, yenye kumbukumbu ya karibu miaka 300. Ndani yake ilionekana wazi kwamba udongo ulioletwa na mto huu uliongezeka sana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ardhi ya bara ilipoanza kulimwa na kulishwa kupita kiasi. Matumbawe yalikuwa yameweka hesabu ya mashamba yetu kabla yetu sisi.

Nilirudi nyumbani nikiyatazama matuta ya fanya juu kwa macho mengine, na mabwawa ya mchanga yaliyojengwa kwenye vijito vya Kitui. Makueni nao walitunga sheria ya mchanga mwaka 2015, baada ya malori kuikomba mito hadi kwenye mwamba. Watu huzungumza juu ya hayo kama mambo ya maji na ya mazao. Ni mambo ya samaki pia, na ya kombe wanaofunikwa na tope kule mlangoni.

Anayeunganisha yote hayo ni mkunga. Huzaliwa baharini, akaingia mtoni akiwa mwembamba na angavu kama kioo, akapanda hadi huku juu, akakaa miaka, kisha akashuka kwenda kuzaa na kufa baharini. Mara ya kwanza nilipomshika mkunga wa Athi mikono ilinitetemeka kwa furaha: mnyama wa bahari, katikati ya mibuyu.

Sasa kuna bwawa la Thwake. Ujenzi ulianza 2018, chini kidogo ya mahali mto Thwake unapoingia Athi: ukuta wa mita 80 hivi, wa kuhifadhi maji zaidi ya mita za ujazo milioni 680. Watu wetu wana kiu na siwezi kuyapinga maji hayo. Lakini ukuta wa kiasi hicho mkunga haupandi, na mchanga utabaki nyuma yake. Vijana waliochukua madaftari yangu nimewaomba jambo moja: watege juu ya ukuta na chini yake, mwezi uleule, kwa mitego ileile, na kila mkunga apimwe urefu. Wakianza kukosa wafupi upande wa juu, wapeleke habari kwenye ofisi za kaunti, mjini Wote na Kitui, mara moja, wakati wale warefu bado wapo.