Kifyonza Vumbi na Ufagio wa Mama

Watu wengi wanaponunua kifaa cha nyumbani huanza na bei. Sisi tulipotafuta kifyonza vumbi tulianza na kifua cha mama mkongwe. Tunaishi Gulu, kaskazini mwa Uganda, ambako mimi na mwenzangu, mume na mke, tunafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari. Kuanzia Desemba hadi Machi mvua huadimika, na barabara ya udongo mwekundu inayopita mbele ya nyumba yetu hugeuka unga. Kila gari linapopita, vumbi hutimka, likaingia kupitia madirishani na kutua juu ya viti, vitabu na magodoro.

Bibi wa watoto wetu, ambaye sisi sote humwita Mama, alihamia kwetu baada ya kufiwa na mumewe. Ana pumu. Hata hivyo, tangu siku ya kwanza aliishika kazi ya kufagia. Kabla jua halijachomoza, ufagio wake wa nyasi ulisikika ukikwaruza sakafu ya saruji sebuleni, kisha ukumbini, na hatimaye uani. Mhudumu wa afya aliyemtibu alimweleza kwamba kufagia pakavu ndani ya nyumba huinua chembe ndogo mno ambazo ufagio hauwezi kuzikusanya, na kwamba chembe hizo huelea hewani hata baada ya mfagiaji kuweka ufagio chini. Mama alisikiliza kwa adabu, akashukuru, na kesho yake akafagia.

Tulipomsihi aache, alitujibu, "Wanangu, mkininyang'anya ufagio, mtaniambia nikae wapi?" Hatukuwa na jibu la haraka. Tungeweza kumwajiri msichana wa kusaidia kazi, lakini kwa Mama hilo lingekuwa sawa na kuambiwa kwamba sasa yeye ni mgeni. Kufagia kulimpa nafasi yake katika nyumba ya mwanawe. Kwa hiyo swali letu halikuwa tu ni mashine ipi inayosafisha vizuri. Tulitaka kujua ni mashine ipi ambayo mwanamke wa umri wake angeweza kuishika mahali pa ufagio, aendelee na kazi yake bila kuvuta vumbi.

Sisi tukiwa walimu wa lugha, tulianza na jina. Kifyonza vumbi ni nomino ambatani iliyoundwa kwa kiambishi ki- cha ala, shina la kitenzi fyonza, na nomino inayotendwa, yaani vumbi. Muundo huo ndio uliotupatia kipaza sauti, kipima joto na kinasa sauti. Upatanisho wa kisarufi hufuata ki- ya mwanzo, wala haufuati nomino ya pili: husemwa kifyonza vumbi kimeharibika, wala si limeharibika, na katika wingi vifyonza vumbi vimeharibika. Wako wanaosema kivuta vumbi, nao hawajakosea. Sisi tulipendelea fyonza kwa kuwa kitenzi hicho huleta picha ya nyuki anayetoa utamu ndani ya ua bila kulisukuma kando. Ufagio husukuma, kifaa hiki hufyonza. Lakini jina hilo linatueleza jinsi vumbi linavyoingia, halituelezi kama hubaki ndani. Hilo la pili ndilo tulilopaswa kuuliza dukani.

Historia ya kifaa chenyewe ilitutia moyo. Mwaka 1901, mhandisi Mwingereza Hubert Cecil Booth alibuni mashine ya kufyonza vumbi iliyokuwa kubwa kiasi cha kukokotwa na farasi. Iliegeshwa barabarani, na mabomba marefu yakapitishwa madirishani hadi ndani ya nyumba. Mashine ndogo ya umeme ambayo mtu mmoja angeweza kuisukuma nyumbani ilipata umaarufu kupitia James Murray Spangler, mfagiaji wa duka moja katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, Marekani. Spangler alikuwa na pumu, na vumbi la kazini lilimzidishia ugonjwa. Mwaka 1907 aliunganisha mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto iliyotumika kama mfuko wa vumbi. Alipata hataza mwaka 1908, kisha akaiuza haki hiyo kwa familia ya William Hoover. Tulipomsimulia Mama habari hiyo, aliuliza kama mzee huyo aliacha kufagia. Tulimjibu kwamba hakuacha, alibadilisha alichokishika. Mama alinyamaza, na tangu hapo hakupinga tena mazungumzo ya mashine.

Ili mtu achague vizuri, hana budi kufahamu namna kifaa kinavyofanya kazi. Ndani yake mna mota inayozungusha feni kwa kasi. Feni husukuma hewa nje kwa upande wa nyuma, na hivyo mgandamizo wa hewa ndani ya kifaa hupungua. Hewa ya nje, ambayo mgandamizo wake ni mkubwa zaidi, hukimbilia ndani kupitia bombani, ikibeba vumbi. Hewa hiyo hupita katika mfuko au chombo cha kukusanyia taka, kisha katika kichujio, ndipo itoke. Kichujio kikiwa hafifu, mchanga na nywele hubaki ndani, lakini chembe ndogo kabisa hurudishwa chumbani kwa nguvu. Kwa mwenye pumu, kifaa cha namna hiyo chaweza kuwa kibaya kuliko ufagio, maana hutawanya kile ambacho macho hayakioni.

Ndiyo maana tulitafuta kichujio cha kiwango kinachoandikwa kwa herufi HEPA. Kwa kipimo kinachotumika Marekani, kichujio hicho hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye upana wa maikromita 0.3, na maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Hata hivyo, kichujio bora hakisaidii iwapo viungo vya kifaa vinavuja. Hewa hupita mahali penye upenyo. Kwa hiyo tulifungua kila kifaa tulichoonyeshwa, tukatazama kama kifuniko kina mpira wa kuzibia pande zote, na kama kichujio kinakaa imara mahali pake bila kuchezacheza.

Swali lililofuata lilituletea mabishano ya siku kadhaa. Mmoja wetu alipenda kifaa kisichotumia mfuko, kwa hoja kwamba chombo chake cha plastiki humwagwa, hufutwa na kurudishwa, bila gharama ya kununua mifuko. Mwenzake aliuliza ni nani atakayekimwaga. Vumbi lililokusanywa kwa juma zima, likimwagwa ndani ya pipa, hupanda usoni mwa anayelimwaga, na nyumbani kwetu mtu huyo angekuwa Mama. Mfuko wa karatasi nene au kitambaa maalumu huondolewa mdomo wake ukiwa umezibwa, ukatupwa mzima. Mabishano yalikwisha hapo. Hata hivyo tulikubaliana kutonunua kifaa chochote ambacho mifuko yake haipatikani madukani, kwani kifaa kisicho na vipuri huishia kuwekewa kitambaa na chombo cha maua.

Umeme nao ulitaka hesabu. Wauzaji wengi husifu wati, kana kwamba wati nyingi ndizo nguvu ya kufyonza. Wati huonyesha umeme unaoliwa na mota. Nguvu ya kufyonza hutegemea pia muundo wa feni, bomba na kichujio. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1,600 kwa vifyonza vumbi mwaka 2014, ukakishusha hadi wati 900 mwaka 2017, na watengenezaji wakaendelea kuunda vifaa vinavyosafisha ipasavyo. Kifaa cha wati 1,600 kikitumika kwa nusu saa hula uniti 0.8 za umeme. Cha wati 700 hula uniti 0.35. Anayenunua umeme wa kulipia kabla huiona tofauti hiyo kabla mwezi haujaisha.

Tulionyeshwa pia kifaa kikuukuu kilichotoka Marekani, kizito na kizuri machoni, kwa bei ya chini. Kibao chake kilisomeka volti 120. Umeme wa Uganda ni wa volti 240, na kifaa hicho kingeungua siku ya kwanza tusipokinunulia transfoma. Tuliwashauri wanafunzi wetu baadaye wajifunze kukisoma kibao hicho kidogo nyuma ya kila kifaa, kwa sababu ni maandishi yenye manufaa kuliko sifa zote zilizochapishwa kwenye boksi.

Vifaa vya betri visivyo na waya vilitushawishi kwa muda. Ni vyepesi, na vikishachajiwa hufanya kazi hata umeme unapokatika. Lakini vingi huishiwa nguvu baada ya dakika chache vikitumiwa kwa kasi ya juu, na betri yenyewe huchoka baada ya miaka kadhaa. Betri mpya ni ghali, na mara nyingi haipatikani mbali na mji mkuu. Kwa mwenye chumba kimoja chenye vigae, huenda hicho ndicho kifaa kinachofaa. Kwetu, vyumba vitatu na viti vya kitambaa vilihitaji muda mrefu zaidi.

Hatimaye vilibaki vifaa viwili. Badala ya kuamua wenyewe, tulikwenda na Mama dukani. Muuzaji alimsogezea kiti, akaanza kutueleza sisi. Mama hakukaa. Alikishika cha kwanza, kilichosimama wima, akakisukuma hatua tatu, kisha akasema kwamba mtu hasukumi gari ndani ya nyumba yake. Cha pili kilikuwa cha kukokotwa, chenye magurudumu madogo na bomba jepesi. Alilinyanyua bomba kwa mkono mmoja. Akauliza kinawashwaje. Muuzaji alimwonyesha kitufe kipana kinachobonyezwa kwa mguu. Mama alikibonyeza, akashtuka kwa kelele, akakibonyeza tena kikanyamaza. "Hiki kinasikia," alisema. Tuliilipa bei yake kwa akiba ya muhula mzima.

Ingekuwa kosa kumfanya msomaji aamini kwamba mashine imemponya. Pumu haiondolewi na kifyonza vumbi, na dawa yake ya kuvuta bado iko mfukoni mwa vazi lake. Mashine haikufanya kazi peke yake pia. Zulia la chumbani mwake tuliliondoa kabisa, maana utitiri wa vumbi huishi katika nyuzi za zulia na godoro, na kifyonza vumbi hakiwezi kuutoa wote. Shuka na foronya hufuliwa kila juma kwa maji ya moto, kwa sababu utitiri hufa katika joto la nyuzi 60. Sakafu ya saruji hupigwa deki, na kitambaa chenye unyevu huishika vumbi bila kuliinua. Kifyonza vumbi tumekiachia viti, godoro na pembe za vyumba. Juu ya hayo, siku za kukung'uta mapazia Mama hukaa nje chini ya mwembe hadi hewa itulie. Katika kiangazi kilichopita, usiku aliotuamsha akihema ulikuwa mara mbili tu, ilhali kiangazi kilichotangulia tulikuwa tumeacha kuhesabu.

Walimu wenzetu waliosikia habari hii wametuuliza wanunue kifaa gani. Hatuwatajii chapa. Huwa tunawauliza kwanza ni nani atakayekitumia, na ana afya gani. Kisha sakafu yao ni ya nini. Kisha umeme wao ni wa namna gani, na vipuri vinapatikana wapi. Bei huja baada ya hayo. Mwenye sakafu ya saruji tupu na mapafu yenye afya huenda asihitaji mashine hata kidogo: ndoo, kitambaa na maji vitamtosha, na fedha zake zitanunua vitabu.

Mama sasa ndiye anayepanga saa ya kukiwasha, kwa kawaida saa nne, watoto wakiwa shuleni. Hamruhusu mtu mwingine kubadilisha mfuko, ingawa tumemwomba atuachie sisi. Tulichofanikiwa ni kumfanya afunge kitambaa puani na kufanya kazi hiyo nje. Ufagio wake uko nyuma ya mlango wa jikoni kwa ajili ya uani na kwa siku ambazo umeme umekatika. Siku hizo hunyunyiza maji kwanza, kisha akafagia.