Mnyama wa Miiba Aliyetoka Lindi

Yapata kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, kusini mwa Tanzania, kuna kilima kiitwacho Tendaguru. Msomaji, ukifika hapo utaona miti na vichaka tu, na huenda ukajiuliza safari yote hiyo ilikuwa ya nini. Basi jua kwamba hapo ndipo alipoishi Kentrosaurus, dinosau mla majani, miaka milioni 150 hivi iliyopita.

Kwa dinosau, huyu alikuwa mdogo. Alikuwa na urefu wa mita 4 na nusu hivi, na sehemu kubwa ya urefu huo ilikuwa mkia. Jirani yake, Giraffatitan, aliinua kichwa zaidi ya mita 13 na kula vilele vya miti. Huyu wetu alitembea kichwa kikiwa chini, akikata mimea kama kangaga na mitapo kwa mdomo mgumu mfano wa kobe. Nyasi hazikuwa zimeota bado duniani! Bahari nayo ilikuwa karibu, kwani makombe yake yamefukuliwa papo hapo.

Shingoni alikuwa na vibao vya mfupa viwili viwili, ambavyo kuanzia katikati ya mgongo viligeuka miiba mirefu mpaka ncha ya mkia. Kila bega lilikuwa na mwiba wake. Adui mla nyama akimjia, alipokewa kwa mkia.

Mifupa yake ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913. Nasema Wajerumani, lakini walioshika majembe ni wenyeji, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Watu hao ndio kwanza walikuwa wametoka katika Vita vya Maji Maji na njaa kali iliyofuata. Wapagazi walijitwika mizigo vichwani, na ile mizito wakaichukua mzegazega, mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi. Jumla ilizidi tani 220.

Mwaka 1915 Edwin Hennig akampa mnyama huyu jina. Katika Vita Vikuu vya Pili mabomu yaliangukia jumba la makumbusho la Berlin, na mifupa yake mingi ikapotea. Iliyosalia imeunganishwa, naye amesimama huko hadi leo. Mtoto wa Lindi akitaka kumwona, hana budi kupanda ndege.

Wako wasemao kwamba mifupa ya Tendaguru ni dhaifu mno kurudishwa. Ajabu! Ilipobebwa vichwani siku nne porini, haikuwa dhaifu.