Taa ya meli na taa ya Katuba

Katika Katuba, umeme wa SNEL ukikatika usiku, kila parseli inajitegemea. Mwenye bateri anawasha ampuli, mwingine anatafuta mshumaa. Familia zilizokimbia vita na kupanga chumba kimoja ndizo zinazoumia zaidi, kwa kuwa pesa ya mwanga na pesa ya unga ni ileile.

Lubumbashi haina bahari, lakini nyumba inayoishi kwa bateri inafanana na meli ya vita. Meli ikiwa mbali na bandari haina waya unaotoka nchi kavu. Kwa kawaida inatengeneza umeme wake kwa kuchoma mafuta, na kila taa inakula sehemu ya mafuta hayo. Ndiyo sababu jeshi la majini la Marekani limekuwa likitoa tubu za neo melini na kuweka LED. Mwaka 2016, taa hizo zilikuwa sehemu ya mpango wa kupunguza mafuta katika kundi la meli lililoongozwa na USS John C. Stennis.

Hesabu ya nyumbani haina tofauti. Bateri ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600. Ili isife mapema, heri kutumia nusu, yaani 300. Ampuli ya zamani ya wati 60 inamaliza nusu hiyo kwa saa 5. LED ya wati 9, yenye mwanga karibu sawa, inakaa zaidi ya saa 30. Basi kabla ya kukopa pesa ya bateri kubwa, ni afadhali kubadilisha ampuli.

Lakini jeshi halifungi taa yoyote ya dukani. Taa hizo ni za bei nafuu kuliko zinazotengenezwa kwa meli tu, ila lazima zijaribiwe kwanza: je, zitavumilia mishindo na mtetemo? Hazitavuruga mawasiliano ya redio?

Katuba mtihani mkubwa ni umeme unaopanda na kushuka ghafla. LED hafifu inakufa haraka, na mama aliyepunguza unga ili ainunue anarudi gizani. Mnunuzi asome volti, aombe iwashwe mbele yake, aulize kama itabadilishwa ikifa. Kama kuna redio karibu, asikilize: ikianza kukoroma taa inapowaka, aiache. Familia iliyo mbali na kwao inahitaji mwanga, na inahitaji pia kusikia habari za kwao.